Siku Baba Alipokula Kambare

Harufu ya kambare aliyekaushwa kwa moshi inanikasirisha hadi leo. Msinicheke. Wenzangu hapa Kindu wakiisikia wanameza mate. Mimi natafuta mlango.

Baba yangu alikuwa sonara kutoka Yemeni, Myahudi. Alifuata misafara ya pembe mpaka Lualaba, akakaa kwenye boma la tajiri mmoja wa pwani na kuwafulia wake zake bangili. Kila mtu alimdhani Mwislamu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: mama, mtu wa Kailo, ndiye aliyemchagulia samaki sokoni, maana dini ya baba ilikataza samaki asiye na magamba. Nilipotimiza miaka minane baba alinifundisha hayo chini kwa chini, nami nikajiona malkia.

Basi ikawa harusi bomani. Nilikuwa bado mdogo kiasi cha kuruhusiwa kuketi na wanaume, ubavuni mwa baba. Sinia ya wali ikaja, na juu yake kambare wa mawese. Tajiri mwenyewe akanimegea mnofu. Nikakaza moyo, nikasema kwa sauti, "Sisi Mayahudi hatuli samaki asiye na magamba." Nilijua baba atanisifu.

Tajiri akamgeukia baba. "Fundi, mtoto asema kweli?"

Baba akacheka. Akachukua kichwa cha kambare, akakifyonza mpaka mfupa, kisha akanibana taya na kunitia ule mnofu kinywani kwa vidole vyake. "Mama yake mushenzi," akasema. "Huo njo mwiko wa kwao. Anamufundisha mutoto upuuzi."

Wageni wakaangua kicheko. Mama alikuwa amesimama palepale na birika la kunawisha mikono. Akamnawisha baba yale mafuta, kidole kwa kidole.

Tangu siku hiyo mama aliitwa mshenzi hata na vijakazi. Nikamwambia namchukia baba. "Usimuchukie," alisema, huku akimpaa magamba samaki wa chakula cha baba jioni ile. "Angesema kweli, wangemuua." Nikaamini, nikafunga mdomo wangu miaka yote, hata walipokwisha kufa wote wawili.

Mwishowe nilichoka kujificha. Nikamwendea yule tajiri, sasa mzee kipofu, vita na Wazungu vimekwisha kumfilisi. Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa Myahudi, na mimi nashika dini yake."

"Nilijua tangu alipofika," akanijibu. "Pwani nilifanya biashara na Mayahudi wenzake, watu wazuri. Siku ile niliuliza ili nimwagize mpishi amletee samaki mwingine."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Hakuna aliyeitaka roho ya baba. Mama yangu alitukanwa mpaka kaburini kwa woga wa mtu mmoja, naye akafa akiamini kwamba alimwokoa baba.