Chumba cha Kijani

Juzi, sokoni Nyawera, nilimwona mama mjamzito akinunua rangi ya kijani. Binti yake alilikumbatia kopo kama mdoli, na harufu ile ikanirudisha utotoni.

Maman alikuwa na tumbo kubwa, anapumua kwa shida, lakini hakukubali kukaa. Papa alikuwa akipigilia mabati ya nyumba yetu mpya, na sisi wawili tukipaka rangi chumba kidogo cha nyuma.

"Hii chumba iko yangu?" niliuliza.

"Iko yako. Paka muzuri."

Nikapaka mpaka vidole vikagandana.

Alasiri ile koko, mama yake papa, alifika kutoka Walungu. Maman akakunja nguo zangu, akazitia kwenye mfuko. Nilidhani ndivyo watu wanavyohama, nguo za mtoto hutangulia. Nikaubeba mwenyewe nikiimba, nikamfuata koko hadi kwenye basi dogo. Lilipopita njia ya nyumba mpya bila kusimama, nilipiga kelele.

Koko akanishika mkono wenye rangi. "Tulia. Mutoto wa kwanza anaendaka kwa koko yake, mwingine akikaribia kuzaliwa."

Leo naijua desturi hiyo, na najua jinsi Maman alivyokuwa amechoka. Lakini si angeniambia tu?

Niliporudishwa kuwasalimia, mtoto alikuwa ameshajua kukaa. Nilimkuta kitandani, katika chumba cha kijani. Maman akamwinua, akamgeuza anitazame.

"Angalia," akamwambia kwa furaha, "mugeni wetu amefika."