Neno la Mama Pini

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pini, maana akiwa kazini pini zilipangwa midomoni mwake kama meno ya pili. Kizungu alijua neno moja tu: nou.

Alilipata kiwandani, ujanani. Msimamizi wao, mama wa kigeni, alikuwa akishika shati, anageuza, anatazama mshono. Nou. Shati linarudi mezani. Hakuna matusi, hakuna maelezo. Unafumua, unashona upya. Basi mke wangu akalielewa hivyo. Nou si kufukuzwa. Ni hujafika, rudia.

Alipoacha kiwanda aliondoka nalo. Lilimfaa. Ukisema hapana, pini zinamwagika. Nou linapita katikati ya pini.

"Mama Pini, nitangulize mimi, nina harusi!"

"Nou." Mguu bado uko kwenye pedali.

Mteja anacheka, anakaa kwenye benchi. Hata mimi nilipokwenda kumposa nilipewa nou. Nikanyoa ndevu, nikarudi.

Mimi neno hilo sina. Mimi husema "tutaona."

Tangu tumzike situlii. Naenda mlangoni, narudi. Nakaa kwenye cherehani yake, nakanyaga pedali bila uzi, chumba kipate sauti. Nikiacha, masikio yanauma.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja juzi. "Shemeji, cherehani imekaa bure. Binti yangu anajifunza kushona. Tumpe?"

Nikasema tutaona.

Jana kaja na mkokoteni.

"Mkokoteni wa nini?"

"Tutaona yako si tunaijua? Ni ndiyo iliyovaa koti." Akacheka, akashika cherehani upande mmoja. "Shika huko, mzee."

Nikashika. Moyo unakataa, mikono inatii.

Kando ya sindano kulikuwa na gauni la mteja, pindo nusu. Alikuwa analishona siku aliyougua. Hakuna aliyeligusa.

"Litoe hilo kwanza," shemeji akasema.

Nikaanza kuchomoa pini za pindo, zisitudunge. Pa kuziweka sikupaona, nikaziweka mdomoni, kama yeye. Zilikuwa baridi.

"Haya, twende. Tayari?"

"Nou."

Shemeji akaachia cherehani. Akanitazama mdomo.

"Umesema nini?"

"Nou."

Akaketi kwenye benchi la wateja. Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, "Dada alikuwa akininyima hivyo hivyo. Sasa mtoto nimwambie nini?"

Nikatoa pini mdomoni.

"Mwambie aje ashonee hapa. Aanze na pindo hili."

Akaondoka na mkokoteni mtupu, ukigongagonga mawe njia nzima.

Leo asubuhi nimefuta vumbi benchini. Nimetia uzi kwenye sindano, ukanishinda, nikatia tena. Naenda mlangoni, narudi. Gauni liko pale pale.