Binti Yangu Hakuponywa

Binti yangu aliacha kusikia akiwa na miaka sita. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali majuma mawili, na tuliporudi naye nyumbani kwetu mtaa wa Lemara tulimshukuru Mungu kwa machozi, maana wodini tuliwaona akina mama waliorudi kwao mikono mitupu. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nachagua mchele, yeye amesimama mlangoni amenipa mgongo. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena kwa ukali, nikidhani ni deko la mtoto aliyetoka kuugua. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikauachia kwenye sakafu ya saruji. Kuku waliokuwa uani walitawanyika. Yeye hakugeuka.

Daktari hakuzunguka. Alisema masikio yameharibika kwa ndani na hayatarudi. Mume wangu aliuliza swali lile lile mara tatu, akajibiwa jibu lile lile. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi. Kiwanda alichokitumikia tangu ujana kilikuwa kimeuzwa, na mwenye kiwanda mpya alikuja na watu wake. Tulikula kwa nguo za mitumba nilizouza sokoni, biashara ambayo miaka michache nyuma watu waliifanya kwa kujificha kwa kuwa ilikatazwa. Sasa hata walimu walikuwa wamepanga meza pembeni yangu.

Niliomba. Sisi ni Walutheri kutoka Kilimanjaro, watu wa liturujia na kitabu cha nyimbo. Hatukuzoea kumpigia Mungu kelele. Lakini mwaka ule niliomba nikifua, niliomba nikifungua robota la mitumba, niliomba nikimsuka yule mtoto nywele huku hasikii ninachosema. Kuna asubuhi nilimwambia Mungu maneno ambayo nisingethubutu kumwambia baba yangu mzazi. Nikishamaliza napata nguvu ya kukoroga uji na kwenda sokoni. Kesho yake naanza tena.

Ndipo ulipokuja mkutano wa injili. Ilikuwa miaka ambayo wahubiri wageni walianza kumiminika mjini na maspika makubwa kuliko makabati. Mama mmoja jirani yangu, tuliyesali naye jumuiya moja ya mtaa, alikuja kunichukua.

"Mlete mtoto," alisema. "Huko vipofu wanaona."

Sitasema nilishawishiwa. Nilitaka kwenda. Nilimvika gauni la Krismasi.

Walitupandisha jukwaani pamoja na wagonjwa wengine. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya mapipa. Mhubiri alimziba mwanangu masikio kwa viganja, akaomba kwa sauti iliyonitetemesha kifua, kisha akaenda nyuma yake, akapiga makofi huku akikanyaga mbao kwa kiatu chake kizito. Mtoto akageuka. Nani asingegeuka? Mbao zilikuwa zimeruka chini ya miguu yake.

"Anasikia!" mhubiri akapaza sauti.

Uwanja ukalipuka. Akachuchumaa mbele yake, akatamka polepole, "Sema, Yesu." Mwanangu alikuwa amejua kuongea miaka yote kabla ya homa, na kwa miezi ile alikuwa amejifunza kutusoma midomo. Akasema, "Yesu." Watu wakalia, wakaanguka chini. Yeye akanitazama mimi, macho yamemtoka, haelewi kwa nini vinywa vyote vile vimefunguka. Nikajua hasikii. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti na sikusema neno.

Hilo nimemwomba Mungu anisamehe. Mengine yaliyofuata si ya kwangu.

Kwa juma zima watu walikuja kumpigia kelele mtoto wangu. Walimwita wakiwa nyuma yake, walimgongea vijiko sikioni. Walipoona hageuki, wakanigeukia mimi. Jirani yangu alikuja na akina mama wengine watatu, wakakaa kwenye makochi yangu, wakakunywa chai yangu.

"Mama, muujiza uliupokea," alisema jirani. "Umeuachilia wewe, kwa mashaka yako."

"Mashaka gani?"

"Si tumesikia unaulizia shule ya viziwi? Hiyo ni kumwambia Mungu ameshindwa."

Mwingine akauliza kama mume wangu hakuwahi kushiriki tambiko huko kwao kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mume wangu alikuwa chumbani, anasikia kila neno. Mtu aliyekuwa ametoka kupoteza kazi ya maisha yake, sasa anaambiwa amemuuza na mtoto kwa mizimu. Niliwaaga kwa adabu. Walipotoka niliosha vile vikombe mara mbili.

Nilikwenda kwa mwinjilisti wetu wa usharika nikitegemea atasimama nami. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia nivumilie, nisiwakwaze wenzangu, kwani watu wengi wamerudi kusali kwa sababu ya ushuhuda wa mwanangu. Nilimwambia, "Baba, ushuhuda huo ni uongo." Akatazama dirishani.

Aliyenisaidia hata hakujua ananisaidia. Alikuwa mama wa Kimeru kutoka Nduruma, aliyeleta vitunguu sokoni pamoja na binti yake mkubwa. Niliona wanazungumza kwa mikono, haraka haraka, wanabishana, kisha wanacheka. Nikamsogelea, nikamweleza kuhusu wangu, nikasema bado tunasubiri apone.

"Apone nini?" aliniuliza. "Anaumwa?"

"Hasikii."

"Basi haumwi. Hasikii tu. Mpeleke shule, unamchelewesha." Akanielekeza shule aliyosoma binti yake, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Tulikuwa tunajiandaa kumpeleka pale gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu. Lilitangaza mkutano wa pili, na kutoka kwenye kipaza sauti chake nikasikia: njooni mumwone mtoto wa Lemara, aliyekuwa kiziwi na sasa anasikia. Mwanangu alikuwa anaruka kamba mbele ya lile gari, lipo nyuma yake, linampigia honi apishe njia. Dereva alitoa kichwa akamtukana. Nilikimbia nikamvuta kando. Walikuwa karibu kumgonga mtoto waliyekuwa wanamtangaza.

Nilikwenda kwenye mkutano. Waandaaji walinifurahia, wakanipandisha na mtoto wangu moja kwa moja. Nikapewa kipaza sauti niseme Bwana amenitendea nini.

"Mtoto wangu hasikii," nilisema. "Hakusikia siku ile na hasikii leo. Mungu wangu simlaumu, maana hakuwahi kusema anasikia. Mliosema ni ninyi—"

Wakazima kipaza sauti. Niliendelea kusema na watu wa mbele walinisikia. Mtu mmoja alinishika kiwiko akaniteremsha huku kwaya ikianzishwa kwa haraka. Nilisikia mwanamke akisema pepo la ubishi. Nilimbeba mwanangu mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, nikatembea naye mpaka nyumbani. Sijawahi kuomba kwa hasira kama nilivyoomba njiani, na sijawahi kuwa na uhakika kama siku hiyo kwamba nasikilizwa.

Jumuiya ilinitenga kwa muda mrefu. Zamu ya kusali kwetu ilipofika, waliiruka. Mimi na mume wangu tulisali wawili, tukaimba ubeti kwa zamu, yeye besi mbaya. Alipata kibarua cha kutengeneza pampu kwenye mashamba ya maua, na mtoto akaenda shule. Likizo ya kwanza alirudi na mikono isiyotulia. Alitufundisha maji, chumvi, baba, usinidanganye.

Miaka ilipita, akafika umri wa kipaimara. Wazee wa kanisa walikutana juu yake. Mmoja wao aliniuliza, "Atajibuje maswali ya mchungaji mbele ya usharika?"

"Kwa mikono. Mimi nitatafsiri."

"Na tutajuaje kama amejibu sawasawa?"

Nilimwambia, "Mzee, siku ile alipowekwa jukwaani mkaamini anasikia, hamkuuliza mtajuaje."

Walimkubalia, kwa kura moja tu iliyozidi, nilikuja kuambiwa. Siku yenyewe alivaa gauni jeupe nililolichagua mwenyewe kwenye robota. Alikiri Imani yote kwa mikono bila kukosea, haraka kiasi kwamba nilishindwa kumfuata na ikabidi nimguse bega apunguze. Wazee walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Yule aliyeuliza alikuwa anatazama viatu vyake.