Chai Iliyokunywa Tangi Letu

Miche ya mama ilikufa kwa kiu huku maji yakipita mlangoni kwetu.

Sifumbi fumbo. Soma tu.

Mama anaotesha miche ya nyanya uani, anauza. Wiki ile alipata oda ya mwaka: mkulima mmoja alitaka trei zote, angekuja Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo, mume wa dada yangu, tunayeishi naye, alikuwa na wageni wa shirika la mazingira. Tunamwita Mtaalamu. Cheo alijipa mwenyewe. Sisi tulikosa pa kukatia rufaa.

Alikuwa anapika chai ya mboji. Si ya kunywa, tulieni. Unafunga mboji kwenye mfuko, unauzamisha kwenye pipa la maji, unatia sukari guru, unapuliza hewa kwa pampu ya tangi la samaki. Vijidudu vinazaliana humo, kisha unamwagilia mimea.

Tatizo, maji ya bomba yana dawa, na dawa inaua hao vijidudu. Maelekezo yanasema uache pipa wazi mpaka kesho yake, harufu iishe.

Mtaalamu asubiri? Thubutu! Alitumbukiza mpira wa bomba pipani, akafungulia maji yafurike "mpaka harufu itoke."

"Shemeji," nikamwambia, "harufu inatoka kwenye bomba hilohilo. Ni kama kumfuta mtu kwa taulo huku bado anaogelea."

"Baki na utani wako. Hii ni sayansi."

Maji yakafurika kutwa, yakashukia mferejini. Kesho yake akanusa, akakunja uso, akamwaga pipa zima. Akaanza upya.

Mama akaniangalia. Mkwe hakaripiwi.

Jumatano tangi letu la maji likakohoa upepo. Alhamisi, mgao wa maji ulipoanza mtaani, bomba halikutoa hata jasho. Jua nalo lilikuwa na hasira zake. Miche ikaanza kuinama.

Pipa la Mtaalamu sasa lilikuwa limejaa chai, mama akamwendea na ndoo mbili tupu.

"Baba, nigawie kidogo hiyo chai, niipoze miche."

"Mama, hii ni ya maonyesho. Ikipungua itaonekanaje?"

"Hata ndoo moja, baba."

"Vumilia, mama. Tunaokoa mazingira."

Jumamosi trei zilikuwa zimekauka kama majani ya chai. Mkulima akabonyeza udongo kwa kidole, akatikisa kichwa, akaondoka na gari tupu.

Wageni nao hao! "Tuonyeshe matokeo," wakasema.

Nikajisemea, leo ndiyo leo, anaumbuka.

Kumbe! Kule mferejini kulikuwa na miche dhaifu ambayo mama aliitupa. Ilikuwa imekunywa yale maji ya kumwagika mpaka ikashiba. Imenona, majani mapana kama masikio ya mbuzi.

Mtaalamu akawapeleka hukohuko. "Chai ya mboji hiyo," akasema, "na maji kidogo sana."

Wakampa zawadi: tangi jipya, limeandikwa KILA TONE NI UHAI. Mama akaambiwa apige makofi. Mikono ilikuwa mikavu, makofi yakalia vizuri.

Wageni walipoondoka, Mtaalamu akalipapasa tangi lake, akamgeukia mama kwa tabasamu.

"Umeona, mama? Sasa nitapika mapipa mawili kwa mpigo."

Mama alikuwa anakung'uta trei, moja moja.

Ndugu zangu, mkimsikia mtu anahubiri kuokoa maji, msiangalie mdomo wake. Fuateni mfereji wake, mkaone nani ana kiu kandokando.