Marahaba ya Mwalimu Masudi

Masudi alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze chuo cha ualimu, na tayari alikuwa akihaha kutafuta shule. Chuo chao cha jioni, pale Makole, kilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: kila mwanachuo awe na shule iliyokubali kumpa darasa, na barua iwe mezani kwa mkuu wa chuo Jumatatu. Asiye na barua afungashe virago. Kwao Masudi ni Kondoa, na huko walikuwa wamemuaga kwa dua na kuchinja kuku wawili. Kurudi mikono mitupu aliona heri afe. Maneno ya ujana hayo. Watu huyasema bila kujua kufa kukoje.

Shule nne zilimkataa. Ya tano, shule binafsi nje kidogo ya Chamwino, ilimwita kwenye usaili siku ya Alhamisi. Mwalimu mkuu, Sostenes, mtu wa miraba minne asiyecheka ovyo, hakuwa na maswali mengi.

"Ualimu hauelezwi, unaonekana," alisema. "Nenda Darasa la Nne ukafundishe hesabu za sehemu. Dakika arobaini. Mimi nitakaa nyuma."

Watoto thelathini na wanane walisimama kwa mkupuo. "Shikamoo, mwalimu."

Masudi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiamkiwa na wapwa zake tu, alihisi kifua kinapanuka. "Marahaba, wanangu. Kaeni." Neno lile lilimnogea mdomoni.

Alikata chungwa vipande vinne, akaanza. Mambo yalikwenda vizuri hata Sostenes akawa anajaza fomu yake huku akiitikia kwa kichwa.

Dakika ya ishirini na tano mlango ulisukumwa kwa bega. Aliingia mwanamume mwenye mvi kidevuni, sikio limechanika linaning'inia, damu imemlowanisha hadi kiunoni. Aliufunga mlango, akasukuma komeo, akapiga magoti mbele ya kijana wa miaka ishirini na mbili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Nifiche. Wananiua."

"Marahaba," alijibu Masudi. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Mtu yule aliitwa Msafiri, na mbuzi wa watu aliiba kweli, simsafishi. Waliomfukuza walifika wakiwa na mipini ya majembe na mawe. Magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Watoto wale waliwaita baba. Jiwe lilipasua kioo, vipande vikamwagikia dawati la mbele alipokaa binti mmoja, Anitha. Hakulia. Alinyoosha kidole dirishani.

"Yule mwenye mpini ni baba yangu," alimwambia Masudi.

Sostenes alisimama. Hakupandisha sauti. "Kijana, fungua. Shule hii ni ya wazazi hao. Ukiwazuia, sina darasa la kukupa."

Masudi aliitazama fomu mkononi mwa Sostenes. Akaifikiria Jumatatu. Msafiri alikuwa amemshika upindo wa suruali, na Masudi, Mungu amsamehe kama anaweza, aliinama akambandua vidole kimoja kimoja. Kisha akavuta komeo.

Walimburuta kwa miguu. Kidevu chake kiligonga kizingiti, meno mawili yakabaki pale. Hawakwenda naye mbali. Mpini ulipotua mara ya kwanza mguu ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, na Msafiri akapiga ukelele uliowafanya watoto wazibe masikio.

"Zimebaki dakika kumi," alisema Sostenes, akiketi. "Malizia somo."

Na akalimalizia! Nikifika hapo katika kusimulia, hasira hunipanda upya.

"Robo na robo?" aliuliza Masudi.

Nje, mtu mzima alikuwa akimlilia mama yake.

"Nusu," walijibu watoto.

"Nusu na nusu?"

Nje hapakuwa na kilio tena, mishindo tu ya mawe juu ya kitu kisichojitetea.

"Moja," walijibu wachache.

Polisi walipofika, walikuta wa kubeba, si wa kukamata. Kwenye fomu, penye mstari wa kulimudu darasa, Sostenes aliweka alama zote. Barua ilifika chuoni Jumatatu asubuhi, mapema kuliko za wenzake wote.

Jumanne Mwalimu Masudi aliingia Darasa la Nne kuanza kazi. Kizingiti kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu, na dirishani palibandikwa kadibodi. Watoto walisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Masudi alifungua mdomo. Neno halikuja. Alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti. Watoto walingoja, maana walifundishwa kutokaa kabla ya kuitikiwa. Anitha alimtazama mwalimu mikono, kisha akageuka akautazama mlango.

Dakika zikapita. Wote thelathini na wanane walikuwa bado wamesimama.