Moshi wa Mlango wa Pili

Juzi, katika kijiji cha Kashojwa, niliona vyumba vipya vya wazee, milango ikitazamana uani, nikajuta kwamba nyumba yangu niliijenga ikiwapa majirani mgongo. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu aliishi katika chumba cha namna hiyo cha kanisa, Mbarara, nami niliamini amefungwa. Alasiri moja yenye harufu ya matofali mabichi nilimnong'oneza, "Bibi, geti liko wazi. Tutoroke!"

Akacheka hadi akakohoa. "Mfungwa gani anajipikia, mjukuu wangu? Hapa tunaangaliana moshi."

Kisha akatupa macho uani. Majiko yote yalikuwa yakifuka moshi, isipokuwa la mlango uliotazamana na wetu. Akavuka ua, akausukuma mlango. Jirani yake alikuwa kitandani, akitetemeka kwa homa.

"Leo umekawia," mgonjwa akalalamika.