Fungu la Mutsunga

Kosa langu la mwanzo katika jiko la hoteli lilikuwa kuchambua mboga kupita kiasi. Mama mmoja mkulima wa Gede alituletea mutsunga, mboga chungu wanayoipenda Wagiriama, na kila fungu lilikuwa limechanganywa na majani ya kunde na mnavu. Mimi nilijifunza upishi peke yangu na naogopa kila dosari, hivyo nilidhani ni uzembe wake. Niliutenga mutsunga, nikatupa mengine, nikapika kwa tui. Wageni walionja, wakaacha. Tajiri wa hoteli akasema ikirudi hivyo kesho, tutaacha kununua kwa yule mama.

Asubuhi mama yule alipoleta mboga, nilimwamkia, kisha nikamlaumu kwa uchungu wake.

"Na yale majani mengine uliyapeleka wapi?"

"Niliyatupa, mama. Nilidhani yamechanganyika kwa bahati mbaya."

Alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu chake. "Mwanangu, yale ndiyo hupunguza uchungu. Wewe umewapa wageni dawa ya tumbo."

Niliona haya, nikamwomba anioneshe. Tulipika pamoja mchana ule. Tajiri alikula, akaomba aongezwe.

Siku hizi namuuliza mkulima kabla sijatupa hata jani moja.